Ushahidi wa Jenerali ni Amana

Imekuwa ada katika nchi nyingi za dunia, na nchi zetu za Afrika Mashariki hazikutoka katika ada hiyo, kwamba jenerali akisha kustaafu, akavua magwanda na kumkabidhi amri aliyemfuata, hurejea kijijini au shambani kwake, akaheshimiwa na jirani zake, akakaa mbele katika mabaraza ya harusi na matanga, na yale aliyoyaona na kuyatenda akayahifadhi kifuani mpaka siku ya kuzikwa kwa mizinga na bendera. Wengi huiona hali hiyo kuwa ndiyo murua na ndiyo nidhamu ya askari. Mimi naiona kuwa ni hasara, na pengine ni dhuluma. Kwani mtu aliyepewa na umma mamlaka juu ya roho za watu, akaamua nani aende na nani abaki, nani aokolewe na nani aachwe, ana deni lisilofutwa na kustaafu, nalo ni deni la kueleza. Na katika majenerali wastaafu wa zama zetu, simjui aliyelilipa deni hilo kwa gharama kubwa zaidi kuliko Roméo Dallaire wa Kanada, aliyewaongoza askari wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda katika miaka ya 1993 na 1994.

Dallaire alizaliwa tarehe 25 Juni 1946 katika mji wa Denekamp, Uholanzi, baba yake akiwa askari wa Kanada na mama yake akiwa Mholanzi, akalelewa Montreal, akaingia jeshini angali kijana na kuhitimu chuo cha kijeshi mwaka 1969, kisha akashika kazi ya mizinga. Alipanda vyeo daraja baada ya daraja, katika miaka ambayo jeshi la Kanada lilikuwa likijitayarisha kwa vita vya Ulaya ambavyo havikuja, hata akawa Brigedia Jenerali na kukabidhiwa brigedi ya Valcartier katika jimbo la Quebec. Alipoarifiwa mwaka 1993 kwamba huenda akapelekwa Rwanda, yeye mwenyewe amesimulia kwamba ilimlazimu kuuliza kama nchi hiyo iko Afrika. Neno hilo angeweza kulificha, na hakuna ambaye angelijua. Alilisema kwa sababu ni sehemu ya ushahidi, nalo latufunza jinsi mataifa makubwa yalivyoichagulia nchi iliyokuwa ukingoni mwa maangamizi mtu mwema asiyejua lugha yake wala historia yake, na yasione ubaya wowote katika uchaguzi huo.

Kazi aliyopewa ilitokana na meza ya Arusha. Tarehe 4 Agosti 1993 serikali ya Rais Juvénal Habyarimana na wapiganaji wa chama cha RPF, waliokuwa wakipigana nayo, walitia saini mapatano ya amani katika mji huo, baada ya mashauriano marefu ambayo Tanzania ndiyo iliyokuwa msuluhishi wake. Na mapatano hayo yalitaraji serikali ya mpito isimame katika muda wa siku 37, chini ya ulinzi wa askari wa kimataifa wasioegemea upande wowote. Siku hizo zilipita na Baraza la Usalama likawa bado halijakata shauri. Azimio namba 872, lililounda kikosi cha UNAMIR, halikupitishwa mpaka tarehe 5 Oktoba, na Dallaire akafika Kigali tarehe 22 Oktoba, siku moja tu baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa na wanajeshi wa nchi yake, mauaji yaliyowatia hofu Wahutu wa Rwanda na kuwapa wachochezi hoja waliyokuwa wakiitafuta. Aliidhinishiwa askari 2,548, nao wakaja kidogo kidogo kutoka Ubelgiji, Bangladesh, Ghana na kwingineko, wengine bila ya magari na bila ya akiba ya kutosha. Magari ya deraya yaliyoagizwa yalikuwa 22. Yakaja manane, kutoka kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa Msumbiji, na katika hayo manane yaliyoweza kutembea barabarani yalikuwa matano. Mwenye kutaka kumhukumu jenerali huyu kwa insafu na aanze na hesabu hiyo.

Kadhia iliyolitangaza jina lake duniani ni ile ya waraka wa siri alioupeleka New York kwa simu tarehe 11 Januari 1994. Mtu mmoja aliyekuwa akiwafunza wanamgambo wa Interahamwe, ambaye katika habari hii hujulikana kwa jina la Jean-Pierre tu, aliwaeleza maafisa wa UNAMIR kwamba ameamriwa kuwaorodhesha Watutsi wa Kigali, naye akihofu kwamba ni kwa ajili ya kuwaangamiza. Kwamba vijana wake wangeweza kuua watu 1,000 katika dakika 20. Kwamba askari wa Ubelgiji wangechokozwa na baadhi yao kuuawa ili nchi yao iwaondoe wote. Na kwamba alikuwa tayari kuonyesha ghala la silaha, sharti yeye na jamaa yake wapewe hifadhi. Dallaire aliandika kwamba amekusudia kulivamia ghala hilo katika muda wa saa 36. Jibu lilikuja upesi kutoka idara ya ulinzi wa amani, iliyokuwa wakati huo chini ya Kofi Annan, nalo lilikuwa katazo: jambo hilo lilikuwa nje ya mamlaka aliyopewa, na badala yake amwendee Rais Habyarimana mwenyewe na kumweleza yaliyosikika, na awaarifu mabalozi wa Ubelgiji, Ufaransa na Marekani. Basi siri ya mtoa habari ikapelekwa mlangoni kwa walewale aliokuwa akiwashitaki, na silaha zikabaki zilipokuwa.

Wako waliosema baadaye kwamba waraka ule umetukuzwa kupita kiasi. Kwamba mtoa habari hakuwa mtu wa kuaminika sana. Kwamba maneno yake yaliihusu Kigali tu wala hayakubashiri mauaji ya nchi nzima. Na kwamba Dallaire mwenyewe aliandika humo kuwa ana shaka, akihofia mtego. Hayo yote yanaweza kuwa kweli, na wala hayapunguzi neno. Afisa aliyesikia habari ya kutisha, akaipeleka kwa wakubwa wake pamoja na shaka zake, akaomba ruhusa ya kuichunguza kwa njia ya pekee ya kuaminika, yaani kwenda kulifungua ghala na kuangalia kilichomo, amefanya yote ambayo sheria na akili humtaka afisa afanye. Lawama ya waliokataa haitokani na kutojua mambo ya ghaibu, kwani hayo hayajui ila Mungu. Yatokana na kukataa kutazama walipoonyeshwa pa kutazama.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyomchukua Habyarimana pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilidunguliwa ilipokuwa ikitua Kigali, na kabla ya adhuhuri ya siku ya pili wauaji walikuwa wamekwisha kumuua Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana. Askari kumi wa Ubelgiji waliopelekwa kumlinda walinyang'anywa silaha, wakachukuliwa mpaka Kambi ya Kigali, na huko wakapigwa na kuuawa. Asubuhi hiyo hiyo Dallaire alipita mbele ya kambi akiwa ndani ya gari la afisa wa Rwanda, akaona miili miwili yenye sare za Ubelgiji imelala chini, akataka gari lisimame, dereva asisimame. Akaendelea hadi kwenye mkutano wa maafisa uliokuwa ukiongozwa na Kanali Théoneste Bagosora, mahali palipokuwa karibu na kambi ile ile. Usiku alipelekwa penye maiti katika hospitali ya Kigali, akazikuta zimelundikwa pamoja, akazihesabu akapata kumi na moja. Kulipopambazuka ikadhihirika kuwa ni kumi, ila zilikuwa zimeumizwa na kuchanganyika kiasi ambacho macho yalipoteza hesabu.

Hii ndiyo tuhuma nzito kuliko zote zilizomfuata maishani mwake, nayo haistahili kupuuzwa, kwa kuwa inatoka kwa wafiwa. Jamaa za marehemu waliuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini kamanda aliyeona askari wake chini hakutoka garini, kwa nini hakuifanya habari yao kuwa neno la kwanza mbele ya Bagosora, na kwa nini hapakupelekwa kikosi cha kuwaokoa. Naye amejibu mara nyingi kwamba hakuwa na nguvu ya kuishambulia kambi iliyojaa wanajeshi, na kwamba kujaribu kungeongeza maiti tu na kuwaingiza askari wake vitani. Kwangu mimi jawabu hilo la kukosa nguvu lina ithibati kwa swali la uokoaji. Magari matano ya deraya hayavunji kambi. Lakini kwa swali la mkutanoni halinitoshelezi, kwani ulimi hauhitaji deraya, na dai lililotolewa wazi, mbele ya maafisa wote wa Rwanda waliokuwapo, huenda lisingemwokoa mtu, lakini lingewanyima wauaji udhuru wa kudai hawakujua. Nasema hivyo kwa taadhima, na nasema kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetupa habari ya kuweza kumlaumu nayo.

Ubelgiji iliwaondoa askari wake, kama mtoa habari alivyokuwa amesema watakavyofanya. Tarehe 11 Aprili waliiacha shule ya ufundi ya ETO pale Kicukiro, ambamo watu wapatao 2,000 walikuwa wamekimbilia chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na magari yao yalipokwisha kutoka lango moja, wauaji wakaingia. Siku kumi baadaye Baraza la Usalama, ambamo serikali ile ile iliyokuwa ikiua ilikuwa na kiti kama mwanachama wa muda, lilipitisha azimio namba 912 la kukipunguza kikosi hadi watu 270. Dallaire alikataa kuondoka, na msaidizi wake, Brigedia Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana, akakataa pamoja naye. Wakabaki na watu zaidi ya 400, wengi wao Waghana, wakailinda hoteli ya Mille Collines, uwanja wa Amahoro na vituo vingine ambavyo ndani yake maelfu ya roho zilisalimika. Katika waliobaki alikuwamo Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, aliyekuwa akivipita vizuizi vya wauaji bila ya silaha, akiwatoa watu wachache wachache kwa ucheshi wake na sigara zake, mpaka kombora lilipomuua tarehe 31 Mei. Na katika siku hizo Dallaire alipolazimika kukutana na wakubwa wa Interahamwe ili kuwaombea njia watu waliozingirwa, aliitoa bastola yake risasi kabla ya kuingia, kwa kuchelea kwamba mkono wake ungemshinda.

Hatusomi habari hizi kama watu wa mbali. Mto Kagera ulizichukua maiti hadi Ziwa Viktoria, na wavuvi wa Uganda wakaziopoa na kuzizika, ilhali watu wa pwani za ziwa wakakaa wasile samaki. Na mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi, wenye kukimbia mauaji na wenye kuyakimbia matendo yao wakichanganyika njia moja. Mikono ya wazee wa Ngara na ya wavuvi wa Rakai iligusa matokeo ya uamuzi uliopitishwa New York, na kwa hivyo sisi pia tuna haki katika ushahidi wa yule aliyekuwapo yalipotokea.

Dallaire alitoka Rwanda mwezi wa Agosti 1994. Alirejea Kanada, akapandishwa cheo hadi Luteni Jenerali, akapewa kazi kubwa kubwa, na kwa macho ya watu alikuwa amesalimika. Lakini akili yake haikuondoka Kigali. Alikosa usingizi, akawa anasikia na kuona yale yale, na alipolisema jambo hilo hadharani, kwamba afisa wa cheo chake ana ugonjwa wa nafsi unaotokana na vita, alivunja mwiko mkubwa wa kijeshi. Mwezi wa Aprili 2000 alistaafishwa kwa sababu ya maradhi hayo. Na mwezi wa Juni mwaka huo huo alikutwa chini ya benchi katika bustani ya umma huko Hull, Quebec, akiwa hajitambui kwa mchanganyiko wa pombe na dawa. Wengine wangelizika tukio kama hilo, na jamaa zao wangewasaidia kulizika. Yeye alilisimulia mwenyewe, ili askari wa chini wenye maradhi kama yake wajue kwamba si waoga wala si wendawazimu. Mwaka 2003 akatoa kitabu chake, Shake Hands with the Devil, ambacho ndani yake anasema waziwazi kwamba kazi aliyopewa ilishindwa na kwamba yeye ndiye aliyekuwa kamanda.

Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kutafuta kusema, akazuiwa. Tume ya Seneti ya Ubelgiji, iliyochunguza vifo vya wale askari kumi na kutoa taarifa yake Desemba 1997, ilitaka kumsikiliza, na Umoja wa Mataifa, ambao Katibu Mkuu wake wakati huo alikuwa Kofi Annan, haukumruhusu kufika. Mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, iliyokaa Arusha, ndiyo iliyofungua mlango: mwezi wa Februari 1998, kinga yake ikiwa imeondolewa kwa mipaka maalumu, alitoa ushahidi katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, ambaye hukumu yake ya Septemba mwaka huo ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, kisha Januari 2004 akarudi Arusha na kusimama mbele ya Bagosora, mtu aliyeketi naye meza moja asubuhi ile ya tarehe 7 Aprili, akaeleza mbele ya majaji aliyoyaona na aliyoyasikia, huku mawakili wa utetezi wakimhoji neno kwa neno. Bagosora alitiwa hatiani Desemba 2008. Mji yalikotiwa saini mapatano yaliyovunjwa ndio huo huo ulioisikia hesabu ya kuvunjwa kwake, na hapana shaka kwamba sauti ya kamanda aliyekuwapo ilikuwa na uzito wake katika mizani.

Hapo ndipo ninapolipata neno ninalotaka kulisisitiza. Zitazame tuhuma zote zilizomzunguka Dallaire, utaona kwamba nyingi zimelishwa na maneno yake mwenyewe. Jacques-Roger Booh-Booh wa Cameroon, aliyekuwa mkuu wa kiraia wa ujumbe ule, alitoa kitabu mwaka 2005 akimtuhumu kwamba aliwapendelea RPF na kuivuka mipaka ya kazi yake. Dallaire naye alikuwa amekwisha kumwandika Booh-Booh kwa ukali. Dallaire alidai kwamba kwa askari 5,000 wenye zana na ruhusa angeweza kuyazima mauaji, na uchunguzi mmoja wa Kimarekani wa mwaka 1998 ukamwunga mkono. Akaja mtaalamu Alan Kuperman, Mmarekani vilevile, akatoa hoja kwamba mauaji yalikwenda kasi kuliko ndege za kuwaleta askari. Mabishano hayo yana faida kubwa, kwa kuwa kila anayebisha analazimika kuleta ushahidi wake mezani. Lakini yule ofisa aliyeandika katazo la Januari, na yule balozi aliyeinua mkono kukipunguza kikosi, na yule waziri aliyewaita askari wake nyumbani, wao wengi wao walinyamaza, na kwa kunyamaza kwao wakakaa bila ya tuhuma. Umma ukiendelea kumpima mtu kwa wingi wa ugomvi uliomzunguka, utakuwa unamtoza faini mkweli na kumlipa ujira mwenye kuficha.

Wala hakuacha kusema alipoingia katika siasa. Aliteuliwa kuwa mjumbe wa Seneti ya Kanada mwaka 2005, akakaa humo hadi 2014, na katika muda huo alishika zaidi suala la watoto wanaotiwa silaha mikononi. Mwaka 2008, katika kadhia ya Omar Khadr, kijana wa Kanada aliyekamatwa Afghanistan akiwa na miaka 15 na kufungwa Guantánamo, Dallaire alisema mbele ya kamati ya bunge kwamba nchi inayovunja haki kwa jina la kupambana na magaidi inajishusha mpaka daraja yao, na watu wakamjia juu. Maneno yalikuwa makali, na pengine yangeweza kutiwa katika kipimo kizuri zaidi; ila mtu aliyewaona watoto wenye mapanga kwenye vizuizi vya Kigali, akajua kwamba walifundishwa kuua na watu wazima, hakuweza kuyanyamazia madai kwamba mtoto wa miaka 15 ni askari kama askari mwingine.

Zipo hoja mbili za kupinga ninayoyasema, nazo ni za watu wenye busara. Ya kwanza ni ya siri: askari amekula kiapo, na jeshi ambalo majenerali wake hutoka wakasimulia kila walichokiona halitabaki na siri ya kumkinga na adui. Hilo ni kweli kwa siri za silaha, za mipango na za watoa habari, na kwa hizo ulimi na ufungwe. Lakini baada ya miaka ishirini au thelathini siri nyingi zinazobaki hazimhusu adui. Zinamhusu mkubwa fulani aliyekosea na hataki ijulikane, na kiapo cha askari hakikuwa kwa mkubwa huyo. Hoja ya pili ni kwamba majenerali wakiandika hujipamba. Ni kweli, na Dallaire naye hakuvuka salama mahali pote. Dawa yake si kumziba mdomo mmoja, ni kuwafungua wengine; kwani uongo wa shahidi mmoja hujulikana akija wa pili, na ukweli wa Kigali tunaujua leo kwa sababu Dallaire alisema, Booh-Booh akajibu, Waghana wakaandika, na manusura wenyewe, ambao ndio mashahidi wa kwanza, wakasimama Arusha na kwenye mabaraza ya gacaca.

Na hapa pana tahadhari. Dunia imeyapenda sana majuto ya jenerali huyu. Filamu zimetengenezwa, nishani zimetolewa, na iko hatari kwamba huzuni ya mgeni mmoja ifunike vifo vya watu 800,000 na zaidi, na ifunike pia ushujaa wa askari wa Afrika waliobaki wakati Wazungu wengi walipoondoka. Yeye mwenyewe amewataja na kuwasifu mara nyingi. Anyidoho aliandika kitabu chake, Guns Over Kigali, mapema kabla ya Dallaire, nacho hakikusomwa hata kwa sehemu ndogo ya wasomaji wa kile cha pili. Kosa hilo ni letu pia, kwani hatukukidai, hatukukitafsiri, wala hatukukiweka mbele ya wanafunzi wetu.

Nchi zetu sasa zimo ndani ya jambo hili hili. Brigedi ya kujibu mashambulizi iliyopelekwa Kongo kwa azimio namba 2098 la mwaka 2013 iliongozwa kwanza na Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa, na tarehe 7 Desemba 2017 askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika kambi yao ya Semuliki. Askari wa Kenya walivamiwa El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, na idadi ya waliokufa haikutangazwa na serikali yao, hata wajane na wazazi wakabaki kusikia hesabu kutoka kwa wageni. Na wale makamanda wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wamekuwa wakituondoka mmoja baada ya mwingine, na kila anayeondoka anazikwa na maktaba nzima. Katika majenerali wetu wamo walioandika, kama Luteni Jenerali Daniel Opande wa Kenya, aliyeyaongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa Sierra Leone na Liberia, nao wanastahili shukrani. Lakini ni wachache, na aghalabu huandika kwa Kiingereza, ilhali askari waliowaongoza, na mama zao, huzungumza Kiswahili.

Basi naona yatupasa kuyadai mambo matatu. La kwanza, sheria zetu ziweke muda ulio wazi ambao ukisha kupita nyaraka za vita na za safari za kulinda amani zifunguliwe, na mstaafu awe huru kusema bila ya kuomba idhini kwa mtu ambaye pengine ndiye atakayetajwa. La pili, vyuo vyetu vya ulinzi na vyuo vikuu viwaendee majenerali na masajini wastaafu, majumbani mwao, wakiwa bado na kumbukumbu, waandike na kurekodi kwa lugha ambayo wazee hao wanaiota. La tatu, nalo ni letu sote wasomaji, tujifunze kumsikiliza jenerali anayekiri upungufu wake bila ya kumrukia kama kwamba amekiri jinai, na tuwaulize kwa ukali zaidi wale waliokuwa na mamlaka na hawana la kukiri. Dallaire alipewa magari matano, akanyimwa ruhusa, akashindwa, akaugua, na bado akaenda Arusha kusimama kizimbani mwa mashahidi. Wenye magari mengi kuliko yake, na ruhusa pana kuliko yake, hawana udhuru wa kutufia na habari zetu.